Sapatu ya Kushoto

4 Februari

Dada mpendwa,

Nimefika, nimepokelewa, na nimepewa suruali isiyo na mifuko. Naanza na hilo kwa sababu wewe fundi cherehani utataka habari za nguo kabla ya habari za afya. Mifuko imeshonwa ikafungwa, ya mbele na ya nyuma, kwa wafanyakazi wote, hata sisi wa chini ambao hatugusi hela ya mtu. Leso unaishika mkononi. Kalamu unaichomeka sikioni.

Uliniambia niandike ukweli, basi ni huu. Ni hoteli kubwa yenye kasino ndani, au ni kasino kubwa iliyojengewa vyumba vya kulala. Bado sijajua ipi ni mama na ipi ni mtoto. Simu tunaziacha langoni, na kwa kuwa tunalala humuhumu, mtu anaiona simu yake siku ya mapumziko tu. Barua zinaingia na kutoka bila kufunguliwa. Nadhani hakuna anayeamini kwamba watu bado wanaandikiana.

Ofisi yangu iko chini ya ardhi, karibu na chumba cha nguo chafu. Mimi ni karani wa vifurushi: nafunga vitu vinavyotumwa kwa wageni kwa posta. Zaidi ya hapo nimeapa nisiseme, na nimetia sahihi. Msimamizi wetu ni mama mmoja anayemumunya pipi za kikohozi kutwa. Tunamwita Mama Pole kwa sababu hajawahi kupaza sauti. Nilipotia sahihi alinitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni yasifurike. Wiki hiyohiyo binti wa simu alimjibu mke wa mgeni kwamba ndiyo, mumeo yupo. Mama Pole alimwita pembeni, akamshika bega, wakaongea taratibu kama watu wa nyumba moja. Wakati wa chai binti alikuwa nje ya lango na begi lake. Tangu siku ile mtu akinigusa bega natafuta kwanza begi langu lilipo.

Juu sijapanda. Wanasema hakuna saa ukutani, na madirisha yana mapazia yasiyofunguka. Lakini wagawa karata huja kula kwenye bwalo letu, na kila mmoja akimaliza sahani yake huinua mikono miwili na kuigeuza, viganja juu, viganja chini, kuonyesha kwamba haondoki na kitu. Ndivyo wanavyolazimishwa kufanya juu wakipokezana meza, na mikono imeshazoea. Jana mmoja alimpa mwenzake chumvi, kisha akaigeuza mikono. Tulicheka. Halafu kicheko kikatuishia wote kwa pamoja.

Vifurushi vyangu nafunga kwa fundo lako, lile la mara mbili lenye ncha iliyofichwa, ulilonifungia chakula cha shule ili wenzangu wasinifungulie. Mwenzangu wa meza, tunayemwita Kibonge ingawa ni mwembamba kama ufito, amejaribu kujifunza ameshindwa.

Msalimie shemeji. Mwambie mizani ya vifurushi hapa inadanganya, natamani mkaguzi kama yeye aje aitie adabu.

Mdogo wako


13 Februari

Mdogo wangu,

Suruali isiyo na mifuko hiyo ni sketi iliyopasuliwa katikati. Siku ukija nayo nitakuwekea mfuko wa siri ndani ya mkanda, wa leso tu, wasije wakasema dada mtu anafundisha wizi.

Sisi wazima. Shemeji yako yupo nyumbani tangu mwaka uanze. Amewaambia wakubwa wake safari za mbali wapewe vijana, yeye atakagua mizani za masoko ya hapahapa. Miaka yote hii nimeolewa na begi la safari, leo nimeletewa mume mwenyewe na sijui nimweke wapi. Anatengeneza vitu visivyoharibika. Juzi ameziba bomba la uani lililokuwa zima, sasa linavuja. Nimemwambia, baba, ukikosa kazi nenda kapime mawe. Amecheka. Nina furaha, lakini usimwambie, atavimba kichwa.

Nilimsomea barua yako. Kwenye suruali alicheka mpaka akakohoa. Kwenye kasino alitoka kwenda kuliangalia lile bomba lake. Aliporudi akasema, "Mwambie abaki hukohuko chini kwenye vifurushi. Juu hakuna kitu cha kijana." Nikamuuliza, juu wewe umepajulia wapi? Akasema kila mtu anajua. Haya, umeambiwa na mkubwa.

Unaniandikia kama mtu mwenye hofu. Ulikuwa hivyo hata mdogo, ukitumwa dukani unarudi kuuliza kama kweli umetumwa. Mtu akikugusa bega, geuka umtazame. Bega ni lako.

Chumba chako hatujakigusa. Mto bado una bonde la kichwa chako. Kila nikitaka kuukung'uta nasema ngoja, asije akarudi akakuta kichwa chake hakina pa kukaa.

Dada yako


2 Machi

Dada mpendwa,

Nina habari ambayo wewe utaiita njema. Nimepandishwa kidogo. Bado niko chini ya ardhi, bado sina mifuko, lakini Mama Pole sasa ananipa mimi wageni walionyamaza. Ni watu waliokuwa wakija mara kwa mara, kisha wakaacha. Kazi ya meza yetu ni kuwajulisha kwamba wanakumbukwa. Majina yao siyajui, na anwani hubandikwa na ofisi nyingine. Mimi nafunga kifurushi na kuandika kadi ya maneno machache ya kuweka ndani.

Kulikuwa na mmoja ambaye wenzangu walishamtumia salamu mara mbili, hakujibu. Mama Pole akaniwekea kadi tupu mezani. "Wewe umesoma," akasema. "Mwandikie kama mtu anayemwandikia mtu." Niliikalia kadi ile mpaka wenzangu wakaenda kula. Niliandika nikachana, nikaandika nikachana. Mwisho niliazima maneno yako, usinidai. Mgeni yule amepiga simu mwenyewe kuuliza kama kuna nafasi.

Mama Pole alikuja nyuma yangu akanishika bega. Nilijua nimekwisha. Kumbe alikuwa ananipa pipi.

Nimeila. Ni ya kikohozi kweli. Sijui kwa nini sikufurahi, Dada. Kibonge alinipongeza, kisha akasema, "Sasa watakuletea wagumu wote," na akaendelea kukata karatasi.

Namshukuru shemeji kwa ushauri wake. Juu sijapanda wala sina hamu.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kitanda, na hiki kitu kiko mbele yangu.

Shemeji yako ameondoka tena. Alisema mkaguzi kijana ameugua na lazima yeye azibe pengo, wiki moja tu, mizani za viwandani. Aliniaga vizuri kupita kawaida. Alirudi mlangoni mara mbili kama aliyesahau kitu, na mara zote mbili hakuchukua kitu.

Leo mvua ilinikuta na nguo za wateja kwenye kamba, nikaingia stoo kutafuta turubai. Lile sanduku lake la zamani la mawe ya mizani lilikuwa limesogezwa. Nikalifungua tu, sikuwa na nia mbaya. Chini ya mawe kuna sapatu. Siyo jozi, ni sapatu moja ya mwanamume, ya ndani, ya mguu wa kushoto, mahameli ya kijani iliyokolea. Juu yake ametariziwa njiwa kwa uzi wa fedha, na jicho la njiwa ni nukta moja ya uzi mwekundu. Kazi safi. Mimi ningetoza sana kwa kazi ile. Ni saizi yake kabisa, na soli yake haijagusa chini.

Mdogo wangu, mtu hanunui kiatu kimoja. Cha pili kiko mlangoni kwa mtu. Kuna nyumba mahali fulani ambako mume wangu akiingia anavua viatu vya njiani na kuvaa vya kupumzikia, na mwenye nyumba hiyo ni mjanja kuliko mimi. Amempa kimoja aondoke nacho ili kila akikiona ajue kingine kinamngoja. Mimi miaka yote nilimpa vyote viwili. Nilikuwa mjinga wa jozi.

Sijalia. Nimeshona magauni mawili tangu mchana, moja nimelishona ndani nje.

Wewe uko kwenye hoteli, unaona watu wazima wanavyoishi. Umewahi kuona kitu kama hiki? Niambie bila kunipaka mafuta. Akirudi nitamwekea sapatu hiyo kwenye sahani, badala ya chakula, na sanduku lake la nguo litakuwa nje.

Dada yako


19 Machi
(Hii sikuituma.)

Dada,

Nimewahi kuona. Kabati lililo nyuma ya kiti changu limejaa.

Mgeni akianza kuzoea, hoteli humpa jozi ya sapatu. Anachagua alama yake mwenyewe, kwa sababu hapa hatutumii majina: kuna Jogoo, kuna Ufunguo, kuna Nanasi. Akinyamaza muda mrefu tunamtumia ya kushoto, kwenye karatasi ya kaki isiyo na jina la hoteli, ili mke asijue. Ya kulia inabaki kabatini kwetu, na atawekewa kando ya kitanda siku atakayokuja na ile ya kushoto. Ndiyo kazi yangu niliyoapa nisiiseme. Anayetaka kutuaga kabisa anaruhusiwa kuomba jozi nzima, akapewa, na alama yake ikafutwa. Kibonge hajawahi kumwona aliyeomba.

Yule mgeni aliyenipandisha cheo alama yake ni Njiwa.

Sikujua, Dada. Namba ya kadi, saizi ya mguu, alama: ndivyo nilivyopewa. Niliandika: "Mto wako bado una bonde la kichwa chako. Hatujaukung'uta." Ni maneno yako ya kuniita mimi nyumbani. Nimeyatumia kumwita mumeo huku.

Yuko juu yangu sasa hivi. Amekuja bila ya kushoto, ndiyo maana ya kulia bado iko hapa. Nikigeuka naiona.


19 Machi

Dada mpendwa,

Nimepokea barua yako na imenisikitisha sana. Naomba usimtolee shemeji sanduku nje kabla hujamsikiliza. Kitu kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Huenda ni zawadi ya ofisini, huenda kuna maelezo ambayo mimi na wewe hatuyajui. Sisi hatuoni wageni huku chini, kwa hiyo siwezi kusema nimeona.

Kula vizuri na upumzike.

Mdogo wako


20 Machi

Shemeji,

Nimepata chumba chako, cha Njiwa, kwenye orodha ya usafi. Nimevaa koti la mhudumu ili nisizuiwe kwenye lifti, na nikishaipenyeza karatasi hii chini ya mlango nitashuka mbio, kwa hiyo usinitafute. Kabla ya hapo nimepita ukumbini nikakuona. Ulikuwa umekaa kwenye mashine ya tatu kutoka kwenye nguzo, umevaa shati la bluu alilokushonea Dada. Nilisimama nyuma yako na sinia tupu. Uliniambia bila kugeuka, "Kijana, ni asubuhi au jioni?" Tumefundishwa tusijibu swali hilo. Sikujibu. Naomba unisamehe, ilikuwa asubuhi.

Rudi nyumbani. Dada ameiona sapatu. Anadhani una mwanamke.

Shemeji yako wa chini


20 Machi

Shemeji,

Usipande tena. Niliagiza uambiwe.

Nilikuwa nimeacha. Nataka ulijue hilo hata kama hutaliamini. Zile salamu zao mbili za kwanza nilizichana palepale posta, nikaenda sokoni nikakagua mizani za wauza samaki, nikarudi nyumbani nikala. Hii ya tatu ilikuwa sapatu yenye kadi ndani. Sijui wana nani huko chini anayewaandikia, labda hata wewe humjui, lakini niliposoma nilisikia kama dada yako anaponisemesha nikiwa nusu usingizini. Niliikunja nikaisukumia ndani kabisa kwenye ncha ya sapatu ili nisiione, na nikawa naijua ilipo. Nikajiambia mahali panapoweza kumwambia mtu maneno kama yale hapawezi kuwa pabaya hivyo.

Umesema anadhani ni mwanamke. Mwache adhani. Mwanamke huachwa, na watu wakaona kwamba ameachwa. Dada yako atarusha sufuria, atanilaza sebuleni, halafu siku moja nitakuta maji yangu ya kuoga yamewekwa. Lakini hiki nitamwonyesha nani kwamba nimekiacha? Kila nikitoka nyumbani kununua kiberiti atakuwa anapima muda wangu. Mimi napima vitu vya watu maisha yangu yote, najua anayepimwa anavyojisikia.

Kutwa nzima kazini najua jibu kabla ya kutazama: kilo ni kilo. Hapa peke yake ndipo sijui. Siwezi kueleza zaidi ya hapo, na nimejaribu.

Nisitiri. Naondoka kesho.

Shemeji yako


28 Machi

Mdogo wangu,

Wiki ya mizani za viwandani imekuwa ndefu. Ofisini kwake wameniambia hawakumtuma kokote, na huyo kijana anayeumwa alinifungulia mlango yeye mwenyewe, mzima, ana shavu limejaa mkate.

Leo nimeitwa posta. Kifurushi, karatasi ya kaki, hakina jina la mtumaji. Anwani imeandikwa kwa herufi kubwa za kuachana, kama mtu anayeandikia watoto. Nimekileta nyumbani nikakiweka juu ya cherehani. Kwa uzito wake nilijua ni nini. Nikasema haya, bibi huyo amechoka naye, amemrudishia cha pili, au ananitumia mimi nijue. Nikachukua mkasi.

Mkasi haukukata. Mkono ulikataa kabla ya kichwa kujua sababu. Nikakaa nalitazama lile fundo.

Ni la mara mbili, ncha imefichwa. Mama alinifundisha mimi, mimi nikakufundisha wewe ukiwa umekaa juu ya meza hiihii, miguu haifiki chini. Sijawahi kumfundisha mtu mwingine, na wewe mwenyewe uliniandikia kwamba mwenzako ameshindwa. Umeficha mwandiko wako, umeficha jina lako, kidole chako umekisahau.

Sikulikata, nililifungua. Ndani kuna ya kulia. Nikaenda kuchukua ya kushoto nizilinganishe, na safari hii nikaingiza mkono mpaka kwenye ncha. Kuna kadi humo, imekunjwa ndogo kama hirizi. Nimeisoma, nimeisoma tena. Nikaenda chumbani kwako nikautazama mto.

Kwa hiyo hakuna mwanamke. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa mwanamke. Nilikuwa nimeshachagua hata maneno.

Sitaki pole. Sitaki barua ndefu. Sitaki kujua umeapa nini na kwa nani. Niandikie kitu kimoja, kwa mwandiko wako ninaoujua: yuko chumba gani.


2 Aprili

Dada,

417, orofa ya nne.

Usiulize mapokezi, watakwambia hakuna mtu huyo, na watakwambia kwa adabu. Zunguka nyuma, kuna mlango wa kijani wa gari la nguo chafu. Vaa kilemba na ubebe shuka lililokunjwa, hakuna atakayekutazama. Lifti ya mwisho kulia ndiyo ya wafanyakazi. Nitakuwa nimeuegemeza ule mlango wa kijani kwa ndoo, asubuhi ya Jumatano.

Ile ya kulia nilituma ili jozi itimie, naye afutwe kwenye vitabu vyao. Nilidhani akirudi nyumbani akaikuta kamili ataelewa kwamba amefunguliwa, na mimi sitakuwa nimesema neno. Sikufikiri kwamba wewe ndiye utakayeipokea. Hapana, nilifikiri. Niliogopa kukuandikia kuliko nilivyoogopa kutuma.

Mdogo wako


14 Aprili

Mdogo wangu,

Ndoo niliikuta. Wewe sikukuona, na sikukutafuta.

Korido yenu ina zulia linalomeza nyayo. Niligonga, akasema, "Weka tu hapo nje." Nikagonga tena. Alifungua akiwa amevaa shati la bluu, kola imeota weusi, na alinitazama kwa muda kama mtu anayejaribu kukumbuka amenionea wapi. Nikapita. Nikaweka sapatu zote mbili juu ya kitanda chake.

"Jozi yako hii," nikamwambia. "Twende."

Akasema, "Nani amekwambia?"

"Vaa viatu."

"Nimevaa."

Kweli alikuwa amevaa. Kitanda hakikuwa kimelaliwa. Nikamuuliza analala wapi sasa, akasema huwa anakuja kuoga tu. Akaniuliza leo siku gani. Nilipomwambia akakaa chini, akaziba uso kwa mikono, na sikumgusa. Baadaye alisimama mwenyewe akabeba begi. Njiani ndani ya basi alikuwa ananunua maji kila tukisimama, mimi chupa, yeye chupa, mpaka nikamwambia inatosha.

Sapatu nimezipasua. Mahameli nzuri, nimetolea kifuniko cha cherehani. Njiwa nimemtia motoni.

Kuhusu kadi nimemwambia. Ilikuwa haki yake. Alifikiri sana, akasema, "Nilijua ile sauti." Halafu akasema usilaumiwe. Yeye anaweza kusema hivyo.

Amerudi kazini. Anakula. Kelele sikupiga, na sufuria sikurusha, na nadhani angependa nirushe. Lakini kila jioni anavua kofia, anaitundika, anauliza, "Hakuna kitu posta?" Anauliza kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha. Nasema hakuna. Anasema sawa. Sijui anauliza akiogopa au akitamani, na nadhani hata yeye hajui. Mimi napanga nguo za wateja nikimsubiri aulize, na asipouliza ni vibaya zaidi.

Wewe usije kwanza. Sikukatai. Ni kwamba nikiiona mikono yako nitaona fundo, na bado sijajua nitafanya nini nikiliona. Chumba chako kipo. Mto nimeukung'uta.

Dada yako


9 Mei

Dada,

Nakuandikia kutoka kwenye benchi la posta. Ningepiga simu yenu. Wamenirudishia yangu imezima, na haiwaki. Nimemwomba mtu wa dirishani barua hii iondoke leo, amesema atajaribu.

Leo asubuhi Mama Pole aliniletea kadi tupu. Alama: Njiwa. Nilimwambia Njiwa alipata jozi nzima, amefutwa. Akavuta kiti akakaa karibu yangu, akanifungulia pipi mwenyewe. "Jozi ile haikuombwa na mgeni," akasema. "Iliombwa na wewe. Haihesabiki." Alijua tangu mwezi wa tatu. Alijua ya ndoo. "Nilinyamaza kwa sababu una kipaji," akasema, "na kwa sababu nami nina ndugu." Amemshoneshea mgeni wetu jozi mpya, ya rangi ya zambarau. Njiwa huyu ana jani mdomoni. Akanishika bega. "Wewe ndiye unayeyajua maneno yanayomfaa. Mwandikie kama ulivyomwandikia mara ile."

Niligeuka nikamtazama, kama ulivyoniambia. Nikaiweka kalamu chini. Sikusema neno la ushujaa, sikuwa nalo. Nilisema tu, "Siwezi, Mama." Akasema haidhuru, akaichukua kadi taratibu na kuisogeza upande wa pili wa meza. Kibonge hakuninyanyulia macho. Aliandika mstari mmoja, akafunga. Ana watoto watatu. Kifurushi kilikwenda kubandikwa anwani mimi nikiwa bado nimekaa pale nakusanya vitu vyangu.

Langoni nilipewa simu yangu na nguo zangu zenye mifuko. Nilipovuka nilijikuta nimeinua mikono, viganja juu, viganja chini. Askari hakuwa ameniambia.

Ulisema nisije kwanza. Siji. Nimepata pa kulala kwa binti yule wa simu, yeye na mama yake wana baraza lenye kitanda.

Sasa sikiliza. Kifurushi hakitakuja kwenye sanduku lenu la posta, kitakwenda la ofisini kwake, kama kile cha kwanza. Ufunguo anauning'iniza na funguo za stoo, ule mfupi. Nenda kila asubuhi kabla hajaamka. Ni karatasi ya kaki, haina jina la mtumaji, nyepesi kuliko inavyoonekana. Usitafute fundo letu, hutaliona. Kibonge hufunga moja tu, ncha zote mbili nje kama masikio ya sungura. Linafunguka kwa kuvutwa kidogo, hata na mtu ambaye hakukusudia kulifungua.

Mdogo wako